Mkojo Uliokwenda Dar

Mimi sina subira, na Makambako yote wanalijua hilo. Mtu akinichokoza, namjibu kabla hajafunga mdomo. Marehemu mume wangu Halfan, dereva wa malori, alikuwa akiniambia, "Rukaiya, huo ulimi wako siku moja utakufikisha polisi." Nikawa namcheka. Basi yeye akatangulia mbele ya haki, akaniachia hoteli ya chai na chapati pale stendi pamoja na binti yetu mmoja, Ashura, na ulimi ukanifikisha polisi kweli.

Ashura ana kifafa. Nalisema hivi hivi kwa sababu sijawahi kulificha. Kilimwanza akiwa darasa la kwanza. Siku moja kilimwangusha jikoni, mkono wa kushoto ukaingia motoni, na mpaka leo hauinuki vizuri. Tangu hapo sikutaka mchezo. Kila mwezi nampeleka kuchukua vidonge, mchana kweupe, tunakatiza katikati ya soko, na vidonge vyenyewe vinakaa hotelini kwenye kopo, juu ya rafu ya vikombe, ili asisahau kumeza. Majirani walinijia na ushauri wao. "Mama Ashura, ficha jamani, mtoto hataolewa." Nikawauliza, "Kwani nimewaomba mmuoe ninyi?" Wapo wateja walioacha kabisa kunywa chai kwangu, maana wanaamini ugonjwa ule unaambukiza kwa mate, ukinywea kikombe cha mgonjwa umekwisha. Waende zao! Waliobaki walinitosha.

Haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka uliofuata ile mvua ya El Nino. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, kila kitu kinauzwa, mitumba, redio, sabuni za nje, na wezi nao wakafungua biashara yao. Kila wiki unasikia msafiri kapewa biskuti ndani ya basi, kaamka Mbeya hana begi wala viatu. Watu wakawa hawapokei hata maji kwa mtu wasiyemjua. Ndiyo maana lilipotokea kwangu, hakuna aliyetaka kufikiri mara mbili.

Asubuhi hiyo alikuja Remmy. Huyu alikuwa kijana wa Kidugala, Mlutheri, mpole, anachukua mitumba Makambako na kuizungusha minadani. Kila akiingia hunisalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene, mama," nami humjibu kwa Kibena changu cha kuokoteza, wateja wanacheka. Siku hiyo alivaa koti na shati jeupe lililopigwa pasi, akaweka belo lake la mitumba pembeni ya meza, akaketi huku anafuta jasho. Jasho Makambako, mwezi wa sita! Nikamtania, "Leo umetakata, mwanangu. Unakwenda kuoa au kuzikwa?"

"Baba mdogo wa mchumba wangu, Esnath, anakuja kuniona, mama," akasema. "Mzee Ezekia, wa Mahongole. Nimemwambia tukutane hapa."

Nikamwelewa. Wabena hawatoi binti kienyeji. Kabla ya kukubali posa hutuma mtu mzima wa ukoo akauchunguze ukoo wa kijana, kama kuna uvivu, ulevi, uchawi, ukoma, wazimu, kifafa. Likionekana moja tu, posa inarudi ilikotoka. Nikamwambia, "Kunywa chai moto, uchangamke. Mzee akikukuta umenyong'onyea hivyo atadhani mgonjwa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Nikamtengea chai na chapati kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikarudi uani kwenye kikaango.

Nilipotoka uani, Remmy amelaza kichwa mezani, udenda unamtoka. Belo halipo. Nikamtikisa, "Remmy! We Remmy!" Kimya. Anapumua vizuri, lakini usingizi aliolala si wa mtu aliyekesha. Ndipo akaingia mzee mmoja wa kofia na fimbo, akauliza kijana wa Kidugala yuko wapi, akamwona, akamwinua uso, ukarudi mezani. Mzee akapiga kelele zilizofika mpaka reli.

"Wamemlevya kijana wa watu! Wamemwekea dawa kwenye chai, wamemwibia!"

Loo! Kufumba na kufumbua stendi nzima imo hotelini kwangu. Huyu ananusa kikombe, yule anaita polisi, mwingine kashaanza kuokota mawe. Hofu ilinishika, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikapanda juu ya kigoda. "Dawa gani? Huyu kalewa ulanzi! Kapita vilabuni, kajaza tumbo, kaja kulala kwangu!"

"Vijana wa Kidugala hawanywi ulanzi asubuhi," mzee Ezekia akasema, akaninyooshea fimbo.

"Wanaunywa saa ngapi, wakati wa ibada?"

Neno hilo lilikuwa baya, nakiri, na liliniharibia. Hata waliotaka kunitetea walirudi nyuma.

Tulipelekwa wote kituo cha afya, Remmy amebebwa, mimi nasindikizwa na askari. Tabibu pale alikuwa Dionis, yuleyule anayempa Ashura vidonge vyake. Akampima, akasema hana hatari, aachwe alale. Adhuhuri ilipopita kijana akaamka, ulimi mzito, macho hayatulii. Mpelelezi aliyeletwa, Afande Kasimiri, akamuuliza alikula nini, alikunywa nini. Akajibu, "Chai tu, kwa mama." Hakunitazama.

Nikapandwa na hasira. "Mpimeni mkojo!" nikasema. "Mnashindwa nini? Mpimeni mkojo, mtaukuta ulanzi mtupu!"

Tabibu Dionis akamgeukia afande. "Hilo linawezekana. Hapa hatuna uwezo, lakini Dar es Salaam ipo mashine. Kama kuna dawa ya usingizi itaitaja kwa jina."

"Sitaki," Remmy akasema.

Tukamgeukia wote. Kijana amejikunja kitandani, ameshika shuka kwa mikono miwili. "Sitaki kupimwa. Belo ni langu, nimesamehe. Mwacheni mama aende."

Niache niende? Jina langu limekwishatapakaa stendi nzima, yeye anasamehe! "Mnamwona?" nikasema. "Mlevi anauogopa mkojo wake mwenyewe!"

Mzee Ezekia akamsogelea, akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa. "Kijana, kojoa. Sisi huko Mahongole tunataka tujue kwamba hukulewa. Usiogope." Remmy akamtazama mzee yule, akautazama mlango, akachukua chupa. Tabibu akaifunga, akaibandika jina na lakiri mbele yetu, akaiweka kwenye kasha la barafu, na askari wakaondoka nalo. Mimi huyo, nimesimama nimeshika kiuno, najiona nimeshinda.

Shemeji yangu Mansoor, mdogo wake Halfan mwenye Fuso, ndiye aliyeniwekea dhamana. Ikaanza kazi ya kusubiri, na kusubiri si kazi yangu. Hoteli nilifungua, lakini watu walipita mbali. Wapakiaji mizigo wakipita mlangoni wananiuliza, "Bi Rukaiya, leo ipo chai ya kuamka au ya kulala tu?" Nawarushia maneno, wanacheka, wanakwenda kunywa kwa mwingine. Mchana nacheka nao. Nikibaki peke yangu, moyo unakwenda mbio mpaka nausikia masikioni.

Sikuogopa jela kwa ajili yangu. Wallahi, mimi hata jela ningewasumbua wao. Nilimwogopea Ashura. Mtoto yule akianguka kuna namna ya kumshika, unamlaza ubavu, unamwekea kitu laini chini ya kichwa, unasubiri, humwekei kijiko kinywani kama wanavyofanya wajinga. Nani mwingine angethubutu kumgusa? Shangazi zake wanampenda, lakini akianza kutoa povu wanakimbia uani. Nikifungwa, mwanangu ataanguka motoni mara ya pili na hatakuwapo mtu wa kumvuta. Wazo hilo niliamka nalo na nikalala nalo siku zote hizo.

Nilipokwenda kumchukulia vidonge, nikamuuliza tabibu Dionis, "Hiyo mashine yenu inaweza kukosea? Ikaona dawa ambayo haipo?"

"Mama Ashura, ngoja nikueleze. Kwanza wanaitenga dawa na mkojo. Kisha mashine inaipasua vipande vidogo sana, inapima uzito wa kila kipande. Kila dawa inapasuka kivyake, na vipande vyake vina uzito wake. Sahani ya udongo na ya kioo hazivunjiki sawa, sivyo? Basi hata ukifumba macho, ukishika vipande utajua iliyovunjika ni ipi. Na haishii kusema ipo, inasema na ni kiasi gani."

"Na ulanzi?"

"Pombe wanaipima pia."

"Basi nimepona," nikasema. Akanipa vidonge vya mwezi. Nikavitia kwenye mfuko, nikaondoka.

Ulipita mwezi, ukapita na mwingine, ndipo tukaitwa polisi Njombe. Askari aliyeleta habari akasema, "Njoo na binti yako. Na vidonge vyake uje navyo."

"Mtoto wa nini? Mtoto ana nini na mkojo wa Remmy?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Mansoor alitupakia mbele kwenye Fuso, mimi dirishani, Ashura katikati. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na baridi ya Njombe mnaijua, inapita sweta inapita kanga inafika mfupani. Ashura amepakata kopo la vidonge kwa mkono wake mzima. Akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?" Nikamwambia hujafanya kitu. "Sasa mbona unatetemeka?" Nikasema baridi.

Ofisini tuliwakuta wote. Afande Kasimiri mezani, tabibu Dionis kwenye benchi, mzee Ezekia na fimbo yake, na Remmy amekonda, anatazama sakafu. Afande akafungua bahasha.

"Pombe," akasema, "hakuna kabisa."

Hapo tu kijasho kikaanza kunitoka na baridi yote ile.

"Dawa ya usingizi imeonekana, na kiasi chake si haba. Inaitwa fenobabitoni."

"Hiyo yangu!" Ashura akasema.

Mtoto wa watu, alilisikia jina analolisikia kila mwezi kliniki, likamtoka. Afande akanyoosha mkono, akalichukua kopo, akasoma karatasi iliyobandikwa, akaliweka mezani juu ya bahasha. Lahaula! Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nani aliyedai mkojo upimwe? Mimi. Nani aliyemtengea chai? Mimi. Na dawa yenyewe imekaa juu ya rafu yangu ya vikombe, stendi nzima inaiona, kwa sababu nilijivunia kutoificha.

"Mama Ashura," afande akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo iliyonitisha zaidi. "Dawa hii haiuzwi mezani kama pipi. Pale stendi ni nani mwingine aliye nayo?"

"Sijui."

"Belo mlimpa nani?"

"Sikumpa mtu! Sikumwekea kitu! Afande, nina mtoto mgonjwa, nitoe vidonge vyake nimpe mtu kwa ajili ya mitumba, yeye ameze nini?"

"Wapo waliofanya makubwa zaidi ya hayo," mzee Ezekia akasema. Ashura akaanza kulia. Nikaona mkono wake mbovu unacheza, nikadhani kifafa kinakuja, nikamkumbatia, nikawa nasoma kila dua ninayoijua.

Tabibu Dionis akakohoa. "Afande, niruhusu neno moja. Kiasi ndicho kinachonisumbua. Hicho si kidonge kimoja wala viwili. Vidonge hivi ni vichungu, na kwenye chai mtu angeusikia uchungu kabla hajamaliza kikombe."

"Chai ya tangawizi inaficha mengi," afande akasema.

"Inaweza. Siwezi kuapa." Akasogea mbele kwenye benchi. "Ninachoweza kusema ni kwamba dawa hii ni nzito kutoka mwilini. Inakaa wiki mbili, pengine tatu. Kisha inaisha, kama mtu haendelei kuimeza."

Alilisema polepole huku anamtazama Remmy. Mimi nikayafuata macho yake. Nikamwona kijana amefumba macho yake kabisa, midomo inamcheza. Lile jasho la asubuhi ile, lile "sitaki", lile "nimesamehe, mwacheni mama aende", yote yakanijia pamoja. Nikasimama, kiti kikaanguka.

"Mpimeni leo!" nikasema. "Mpimeni mkojo sasa hivi! Ni miezi miwili hajagusa kikombe changu. Mkikuta dawa leo, niambieni niliipeleka Kidugala kwa miguu gani! Leteni chupa!"

"Mama, kaa chini," afande akasema. Lakini alikuwa amekwishaelewa. Akafungua droo, akatoa chupa tupu, akaisukuma mpaka ukingoni mwa meza, mbele ya Remmy.

Remmy aliiangalia ile chupa, hakuigusa. Mzee Ezekia akasema, "Ichukue, mwanangu, umalize maneno ya huyu mama." Alikuwa bado anamwamini, masikini.

"Msinipime," Remmy akasema. "Itaonekana. Naimeza kila siku."

Mzee Ezekia akageuka taratibu. "Unameza nini?"

"Nina kifafa, baba. Tangu mdogo. Mama yangu alikificha, na mimi nikakificha. Vidonge navifuata Mbeya, wasinijue. Siku ile nilikuwa nakuja kuonana na wewe. Niliogopa kisije kikanishika mbele yako. Nikameza, nikaona hofu haipungui, nikameza tena, na tena. Nikasema heri nilale kuliko nianguke." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Mama huyu hakuniwekea kitu. Belo sijui lilichukuliwa na nani."

"Na ungeacha afungwe?" tabibu akauliza.

Remmy akageuza uso ukutani. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimwendea, Mansoor akanishika kanga, nikaiacha kanga mkononi mwake. Nilitaka kumzaba kibao, kwa kila siku niliyolala na moyo masikioni, kwa Ashura wangu aliyeletwa polisi na kopo lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba anaweza kutaka kuumbua na majirani. Nikamsimamia mbele. "Wewe! Ungeniacha!"

"Ningekuacha, mama," akasema. "Sijui. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kusema, sikwenda."

Nyuma yangu fimbo ikagonga sakafu. Mzee Ezekia alikuwa amesimama, anavaa kofia. Hakugomba, hakutukana. Kabla bahasha haijafunguliwa Remmy alikuwa amemsalimu kwa mkono, na sasa nikamwona mzee anaupangusa mkono huo kwenye suruali, taratibu, upande mmoja na upande wa pili. "Nitawaambia nyumbani," akasema. "Posa ya Esnath itajibiwa huko." Akatoka. Remmy naye aliuona ule mkono ukipanguswa. Kilio kikamtoka, kile cha mwanamume asiyejua kulia, na hapo kibao changu kikafa mkononi. Maana mpanguso ule naujua. Nimeuona kwa wateja, nimeuona kwa mashangazi, miaka yote.

Afande akasema niko huru, faili langu litafungwa, belo litatafutwa. Sikumsikia vizuri. Mansoor akanivisha kanga yangu, akasema, "Twende, shemeji, yameisha." Nikamtafuta Ashura nimshike mkono.

Hakuwa kwenye benchi. Alikuwa amekwenda mezani kuchukua kopo lake, na sasa amesimama mbele ya Remmy, kopo kifuani. Nikataka kumwita, nikajizuia. Akamwangalia kijana yule analia, akasubiri mpaka akapumua, kisha akamuuliza, kama watoto wanavyoulizana kuhusu shule.

"Wewe unameza saa ngapi?"

Remmy akainua uso. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, kwa sauti, mchana, mbele za watu. Akatutazama sote mmoja mmoja kabla ya kujibu.

"Jioni," akasema. "Baada ya kula."

"Mimi pia," Ashura akasema.